Shangazi, mimi sikusema maziwa

Shikamoo shangazi. Tangu Maulidi hupokei simu zangu, basi naandika hapa, na watakaosoma wasome.

Kweli, neno kalsiamu nililitamka mimi, pale barazani Ngamiani, nilipokuwa nikieleza kifafa cha mtoto, nikajitia mwalimu. Kesho yake ukaja na maziwa lita mbili na dagaa wa kusaga. Nikacheka. Kumbe wewe umeshika hivi: mtoto kapungukiwa kalsiamu, tumwongeze, vidonge vya nini tena?

Ngoja niseme upya, safari hii vizuri. Ndani ya seli ya ubongo kalsiamu ni kidogo mno. Nje ipo mara 10,000 hivi. Ni kama dau: maji yote nje, na ndani mtu anafua maji yaingiayo, usiku na mchana. Seli ikitaka kumpa jirani habari, hufungua vilango, kalsiamu ikaingia kidogo, habari ikatoka, kisha kalsiamu ikafuliwa nje. Kwa kifafa cha aina aliyo nayo mtoto, vilango hufunguka ovyo, seli maelfu zikapiga kelele kwa mpigo mmoja. Unakumbuka alivyokuwa akiduwaa na tonge mkononi, ukasema ana kiburi? Ndicho hicho. Ipo dawa, ethosuksimaidi, kazi yake kubana vilango hivyo. Kubana, shangazi, si kujaza!

Hukukosea yote. Kalsiamu ikishuka sana kwenye damu, degedege huja. Lakini yake ilipimwa ikaonekana sawa, na ulikuwepo.

Dawa ya kifafa haikatwi ghafla. Siku ya tatu tu bila vidonge, povu, macho juu, robo saa nzima, na wewe umesimama mlangoni: "Msimguse, mate hayo!" Mate hayaambukizi kifafa. Nilimlaza ubavu peke yangu, kanga yangu chini ya kichwa chake, mpaka bajaji ikafika.

Peke yangu, nasema. Ila pakiti ya vidonge nilikuwa nimeiona tangu juzi yake, juu ya friji, haijaguswa. Ningesemaje? Wewe ndiye uliyetulea alipofariki baba, ukakaanga mihogo mpaka nikamaliza shule. Nyumba ilikuwa na wageni. Ningekuita chumbani, basi. Sikukuita.

Vidonge anameza sasa. Na maziwa anakunywa, kila jioni, kwa kikombe kile ulichomletea. Akipewa kingine hataki.