Barua kwa mpwa wangu anayetaka kununua riali ya Kihispania

Mpwa wangu,

Picha ya sarafu unayoitaka nimeipata. Kabla hujatoa pesa, nisikilize: inang'aa mno. Riali nane, yaani sarafu kubwa ya fedha ya Kihispania, iliyopigwa Mexico mwaka 1790, imepita mikononi mwa watu wengi. Ikimeta kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu, basi ama imesuguliwa kweli, ama ni ya bandia. Na iliyosuguliwa ndiyo imeharibika hivyo, hairudi tena.

Ya halali ina gramu 27 na ushei. Lakini usiiamini mizani peke yake, maana wanaoghushi nao wana mizani. Mwambie muuzaji apige picha ya ukingo. Sarafu hizi zenye kichwa cha mfalme, zilizoanza kutoka Mexico mwaka 1772, ukingo wake una viduara na vistatili vinavyopokezana. Ukiona mshono umezunguka pale, achana nayo.

Kisha soma nyuma. M yenye o ndogo juu yake ni Mexico. P, T na S zilizopandana ni Potosí, mji wa migodi ya fedha ulioko Bolivia ya leo. Herufi FM kwenye yako ni za wakaguzi walioithibitisha fedha yake. Umeniuliza mbona jina ni CAROLUS IV, yaani Charles wa Nne kwa Kilatini, na sura ni ya baba yake, Charles III, mfalme wa Hispania. Hilo lisikutie shaka. Baba alifariki Desemba 1788, na picha ya mwanawe ilikuwa haijavuka bahari, basi mafundi wakaendelea kupiga sura ya marehemu mwaka 1789 na 1790. Mimi naipenda sana hiyo.

Ukikuta nyingine imegongwa mihuri midogo ya Kichina, usiikimbie. Wafanyabiashara wa China waliigonga kuonyesha kwamba fedha yake wameipima. Kwangu mimi hiyo ina thamani kuliko safi isiyosema kitu.

Na ujue unachokishika. Fedha ya Potosí ilichimbwa na wenyeji wa milima ya Andes, Amerika Kusini, waliopelekwa migodini kwa zamu za lazima. Riali nane hizo Wafaransa waliziita piastre, na mwaka 1776 Morice, Mfaransa mfanyabiashara wa watumwa, alikubaliana na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka, kila mmoja kwa piastre 20. Watu wa kwetu hao, mpwa wangu. Ndiyo maana sitaki mtu azisugue.

Nitumie picha ya ukingo. Muuzaji akikataa kuipiga, usimlipe.

Mjomba wako