Mama alisema miguu tu

Mdogo wangu,

Nakuandikia hapa kwasababu simu zangu hupokei, kwenye grupu la familia ulishajitoa, na kila nikikutana na mtu nasikia dada ana roho mbaya amekataa jiwe la kaburi la mama. Jiwe silikatai. Marumaru tulichagua wote, rangi ulipenda wewe nikakubali. Ninachokataa ni ule mstari uliompa fundi bila kuniambia, "Alibatizwa Mto Yordani", na tarehe chini yake.

Mama hakubatizwa siku ile ya safari yetu ya hija Nchi Takatifu na we unajua.

Alafu kinachoniuma ni kwamba siku yenyewe ilikuwa nzuri jamani. Jana yake pale Bethlehemu kwenye Kanisa la Kuzaliwa, ule mlango mfupi ambao kila mtu lazima ainame ndo aingie, uliweka kiganja chako juu ya kichwa chake asigonge jiwe, nilikuona, na moyoni nikasema huyu mtoto Mungu ambariki. Asubuhi tukapanda basi tukaanza kushuka kutoka Yerusalemu, mita 700 na kitu juu ya usawa wa bahari, jangwa tupu kulia na kushoto, masikio yanaziba, tunapita kile kibao cha usawa wa bahari na bado tunashuka tu, na mama amebandika uso kwenye kioo anasema kumbe yule mtu aliyepigwa na wanyang'anyi alikuwa anapita huku, peke yake, mbona aliweza. Yeriko ukamnunulia tende ukawa unamtolea kokwa moja moja. Pale kwenye mkuyu wanaosema ni wa Zakayo alicheka mpaka machozi. Hayo yote nayakumbuka na sijawahi kukunyang'anya hata moja.

Ila Qasr el-Yahud, pale Mto Yordani wanapoamini Bwana Yesu alibatizwa, hapana. Pale siwezi kupasahau.

Unakumbuka ile barabara ya kuingia, senyenge pande zote na vibao vya mabomu ya ardhini yaliyotegwa baada ya vita vya 1967, makanisa ya watawa yamekaa katikati miaka na miaka bila mtu, mahali penyewe walikuja kufungulia mahujaji waende kila siku mwaka 2011. Mama alinyamaza kabisa. Tulipofika kwenye ngazi akashangaa mto ni mwembamba hivo, maji ya udongo, ng'ambo ni Yordani nchi nyingine na wanajeshi wao wamekaa kivulini, watu wa kule nao wanaingia majini upande wao, na mpaka ni ile kamba tu iliyopita katikati. Akauliza ndo huu? Mwongozaji akamweleza kwamba maji mengi yanachukuliwa huko juu na Israeli, Yordani na Siria kabla hayajafika huku. Akasema basi, miguu tu, nataka niweke miguu nimkumbuke Bwana wangu, nimkumbuke na mama yangu aliyenipeleka kanisani nikiwa kichanga. Alisema hivo. Ulikuwa umesimama karibu kuliko mimi.

Sasa yule mchungaji wenu alikuwa tayari majini na wale wenye kanzu nyeupe. Ukamvalisha mama kanzu juu ya gauni lake, nikadhani ni ya picha. Ukamshika mkono wa kushoto, mchungaji wa kulia, ngazi ya kwanza, ya pili, maji yakafika magotini, kiunoni, nikakuona unamtingishia mchungaji kichwa. Ndo basi. Alipoibuka hakuwa na kilemba, mvi zote nje mbele ya watu, anakohoa, na nyie mnaimba na kupiga makofi. Mi nimeshika fimbo yake, kandambili zake na mfuko wa dawa za presha. Watu wananiuliza mbona hukuzuia. Ningezuiaje? Ningeanza kupiga kelele mbele ya mahujaji wa mataifa yote, mama yuko katikati ya maji, ashtuke ateleze? Nilifanya cha maana, nilimpokea, nikamkausha, nikampa dawa. Kwenye basi akaniambia taratibu, "Mwanangu, si nilisema miguu tu?" We ulikuwa kiti cha nyuma unarusha vidio, "mama leo amezaliwa upya".

Amezaliwa upya kutoka wapi? Mtu aliyebatizwa, akapata kipaimara, cheti cha ubatizo anakitunza ndani ya Biblia kwenye nailoni, kwaya miaka yote, akatulea kwa sala ya asubuhi na jioni, mpaka wewe huo wokovu unaousema uliupatia miguuni pake. Ubatizo ni mmoja, Efeso 4 ulifundishwa na yeye.

Nasikia unakusanya watu tena muende huko. Sawa, nenda, napafurahia na mtu akiweza apaone. Ila nakushauri kama dada yako, wazee waulize kabla hawajavua viatu, na wakikujibu lifuate jibu lao. Usimwambie mtu kwamba zamani zake hazikuhesabiwa. Hili nilikwambia hata kwenye msiba, ulipotaka mchungaji wenu ndo aongoze mazishi nikakataa, na ningekataa tena, maana mama alisema azikwe na usharika wake na mimi ndiye niliyelala naye hospitali usiku. Sikufanya kwa chuki. Ungekuwa wewe ndo umeambiwa ungefanya hivohivo.

Nakupenda na wanao wananiuliza kila Jumapili mama mkubwa utakuja lini, nashindwa kuwajibu.

Fundi nimemwambia asubiri mpaka Ijumaa. Liandikwe jina lake, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa, na Zaburi 121 aliyoichagua mwenyewe tukiwa wote pale kitandani. Ukikubali nipigie wewe, usimtume shemeji.