Shoti za sheli tunalipa sisi, uzembe ni wa ofisi

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua, nikizidisha maneno kata tu popote ila hapo kwenye shoti usiguse. Kila unapopita sikuhizi unasikia mabosi wanalalamika eti vijana hawakai kazini, wanataka hela za haraka, hawana uvumilivu. Kwenye sheli za hapa Dar ndo usiseme, leo umemzoea huyu kesho unakuta mwingine kavaa sare ileile. Mimi bado nipo, kwaiyo nisemee na walioondoka.

Kwa asiyejua, shifti ikiisha supavaiza anasoma mita ya pampu yako, anatoa ile uliyoanzia, anapata lita, anazidisha kwa bei na hiyo ndo hela unayotakiwa kukabidhi. Ikipungua, hiyo tofauti ni shoti na shoti ni yako. Sina ugomvi na hapo, mali ya mtu lazima ilindwe na wapo kweli wenzetu wanaochota. Shida inaanza pale uongozi unapoamini kwamba shoti ina sababu moja tu duniani, wizi. Mteja kajaziwa tenki limejaa akakanyaga moto akasepa, shoti yako. Mtu kakuonyesha meseji feki kwamba kalipa kwa lipa namba, shoti yako, na wakati huo simu inayopokea hizo meseji iko ofisini kwenye droo ya meneja, we uko pampu namba tatu na foleni ya bodaboda wanapiga honi, utahakiki saa ngapi? Tumeomba ile simu ikae nje na sisi tangu sijui lini, jibu tunaambiwa mtaiiba.

Sasa sikiliza hii ya bei maana hii ndo imenifanya niandike. EWURA, wale wadhibiti wa bei za mafuta, wanatangaza bei kikomo kila mwezi na zinaanza kutumika Jumatano ya kwanza saa sita na dakika moja usiku, hilo hata mtoto wa sheli anajua. Kwetu namba ya siri ya kubadilisha bei kwenye pampu anayo meneja peke yake, na meneja saa sita usiku kalala kwake. Kwaiyo usiku kucha pampu inasoma bei ya jana, mteja analipa kinachoonekana kwenye kioo, huwezi kumwambia ongeza. Asubuhi meneja anaingia, anabadilisha bei, anasoma mita, alafu anapiga hesabu ya kuanzia saa sita yote kwa bei mpya! Chukulia imepanda shilingi 100 na umeuza lita 1,500, hapo una shoti ya laki na nusu na hujaiba hata mia. Mwaka 2022 bei zilivyokuwa zinaruka mpaka petroli ikapita shilingi 3,000 kwa lita, kila usiku wa kuamkia hiyo Jumatano watu walikuwa wanaumwa ghafla, huyu tumbo, huyu kafiwa na shangazi ambaye alishafariki mwaka juzi. Na bei ikishuka je? Hesabu inatoka ndogo kuliko hela uliyonayo mkononi, hiyo inaitwa ziada, na ziada siyo yako, inaingia ofisini kimya kimya.

Kinachouma dawa yake wala haina gharama. Pampu zimeunganishwa na mashine ya risiti ya TRA, yaani watu wa kodi, kila mauzo yana saa, lita na bei, ni kukaa na zile rekodi nusu saa tu ukatenganisha. Dada mmoja alimwambia meneja kistaarabu kabisa, "Bosi samahani, naomba tuangalie na risiti." Akajibiwa mbele ya wateja, "Umekuja kunifundisha kazi? Kama umesoma sana mbona uko pampu?" Yule dada alimaliza shifti yake, akakunja sare akaiweka juu ya kiti na hatukumuona tena. Ofisini wakasema mnaona, kumbe kweli alikuwa mwizi.

Alafu kuna grupu la wasap. Huko ndo ofisi yenyewe. Ratiba inabadilishwa saa nne usiku humohumo, usipoona umechelewa na unakatwa. Mwenye shoti anapigwa picha kakaa na kaunta buku mkononi, anarushwa kwenye grupu na maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuchapa, na ukikaa kimya bila kuweka kidole gumba unaulizwa unamtetea? Kamera zimefungwa tukafikiri ni za kutulinda na majambazi, kumbe bosi anatuangalia akiwa kwake, ukiegemea nguzo dakika mbili simu inalia, "We dogo, nakulipa uegemee?" Siku yule mteja aliyesepa na tenki zima tulipoomba picha za kamera ili tupate hata namba ya gari, tukaambiwa kamera ya upande ule ni mbovu.

Shifti yetu ina urefu wa masaa 12, saa moja mpaka saa moja. Ila pampu ukiifunga saa moja bado kuna kusoma mita, kuhesabu sarafu za bodaboda, kusubiri supavaiza ambaye ni mtoto wa dada yake bosi na anakula kwanza, unatoka saa tatu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mtu asifanyishwe kazi zaidi ya saa 12 kwa siku hata kama kuna ovataimu, na katikati apate saa nzima ya kupumzika. Saa nzima? Sisi tunakula tumesimama, chipsi mkono mmoja pampu mkono mwingine, na hapo ni mahali pa mafuta, jamani.

Hiyohiyo sheria imezungumzia makato. Mwajiri haruhusiwi kukukata kwa hasara mpaka iwe kweli imetokana na kosa lako, akuandikie chanzo na hesabu ilivyopatikana, akupe nafasi ya kupinga, uwe umekubali kwa maandishi, na hata hapo makato yasizidi robo ya mshahara. Robo! Kuna mwenzetu mwisho wa mwezi alipokea hela ya nauli tu. Wajanja wamelimaliza hilo la maandishi siku ya kwanza unapoajiriwa, unapewa karatasi kwamba nakubali kukatwa hasara yoyote itakayotokea, unasaini ukiwa na njaa ya kazi, kopi hupewi. Mkataba wenyewe wengine hatujawahi kuuona. Na ukianza kuuliza maswali mengi kabla hujafikisha miezi sita unaambiwa pumzika kwanza tutakuita, maana wanajua chini ya miezi sita huwezi kwenda CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, kudai umeachishwa isivyo halali. Aliyevuka hapo ana siku 30 tu za kufungua shauri, na wengi siku zinaisha wakiwa bado wanasubiri kuitwa.

Watu wananiuliza mbona hamwendi chama cha wafanyakazi. Tulijaribu kuulizana chinichini, kesho yake skrinshoti iko kwa meneja na watatu wakahamishiwa kituo cha mbali kwa nauli yao wenyewe. Tangu hapo kila mtu anamuogopa mwenzie, hata habari za mpira mtu anaangalia kwanza nani yuko karibu.

Wenye sheli wanaosoma hapa, siyo wote mko hivi najua, kuna kituo kimoja jirani meneja wake anakuja mwenyewe usiku wa bei, anasoma mita saa sita kamili, anabadilisha anaondoka, na wafanyakazi wake ni walewale miaka yote. Anatumia nini cha zaidi? Mafuta ya gari lake.

Ombi langu ni kwa maafisa kazi wa wizara. Mkija kukagua mnakuja saa nne asubuhi, mnapokelewa, mnaingia ofisini kwenye kiyoyozi, mnaletewa soda na faili limepangwa vizuri. Njooni saa moja jioni wakati tunakabidhiana shifti, msipige simu kabla, ombeni ile kaunta buku ya shoti na karatasi za mishahara muziweke pamoja, alafu mtuulize mmojammoja mbali na kamera.

Mfanyakazi wa sheli, Dar es Salaam
(Mhariri jina langu naomba libaki kwako)