Honi ya treni tunaisikia, kwa nini hatusimami?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Juzi asubuhi, kwenye kivuko cha reli Buguruni kwa Mnyamani, honi ya treni ilishalia mara mbili. Mshika bendera ameinua bendera nyekundu. Bajaji ikasimama, daladala ikasimama. Bodaboda aliyempakia mama na mtoto wa shule akachomekea katikati yetu na kupita. Begi la yule mtoto lilikuwa linaning'inia bega moja. Treni ilipita wakati vumbi lao bado liko hewani. Mpaka leo mikono inanitetemeka nikikumbuka.

Tatizo ni kwamba tunaizoea treni. Tangu treni ya abiria wa jijini ianze mwaka 2012, tunapishana nayo kila siku, basi tunaiona kama gari jingine. Treni haina usukani wa kukukwepa. Hata dereva akikuona na kufunga breki zote, inaendelea kuteleza mamia ya mita. Tena kitu kikubwa kikija kutoka mbali huonekana kinakuja polepole, macho yanadanganya.

Wengine huvaa spika za masikioni wakitembea juu ya reli, na kina mama wanapanga nyanya pembeni kabisa ya mataruma. Siwalaumu wanaotafuta riziki, ila wapewe eneo.

Naziomba mamlaka ziweke mageti yanayofanya kazi, usiku na mchana, na taa. Nawe abiria, dereva wako akitaka kuchomekea, mwambie akushushe.

Msomaji wako,
Buguruni, Dar es Salaam