Vituo vya kaunti viwafungulie milango wanamuziki wa nyumbani

Kwa Mhariri,

Kila Jumapili vituo vyetu vya FM hutupigia Jim Reeves, Kenny Rogers na Dolly Parton, nasi wapenzi wa kantri huku Kericho husikiliza mpaka jua linazama. Sitaki nyimbo hizo ziondolewe hewani. Ninachoomba ni wenye vituo wajue muziki huo ulilelewaje redioni huko Marekani ulikotoka, maana waliokuwa miongoni mwa walezi wake ni vituo vidogo kama vyao.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni WPAQ ya Mount Airy, mji wa watu kama elfu kumi karibu na milima ya Blue Ridge, jimbo la North Carolina, Marekani. Watu wa huko waliishi kwa kuchonga mawe na kufanya kazi katika viwanda vya soksi. Mwenyeji wa sehemu hizo, Ralph Epperson, alianzisha kituo hicho, kikaingia hewani tarehe 2 Februari 1948, masafa ya AM 740. Angeweza kujaza saa zake kwa santuri za nyota wa Nashville, kitovu cha muziki wa kantri, na pengine angepata matangazo mengi zaidi ya biashara. Hakufanya hivyo. Aliwaita wapiga fidla na banjo wa vijijini, waimbaji wa injili na wahubiri. Hata matangazo ya vifo yalisomwa, kama yale tuliyoyazoea KBC.

Siku ya Jumamosi kulikuwa na kipindi cha Merry-Go-Round. Watu walikuja na ala zao wakapiga moja kwa moja hewani. Mmoja wao alikuwa Benton Flippen, mfanyakazi wa kiwanda cha soksi, ambaye mwaka 1990 jimbo lake lilimtunukia tuzo ya urithi kwa upigaji wake wa fidla. Tazama jambo hilo vizuri: mtu wa zamu ya kiwandani, anayejulikana na majirani zake kupitia redio ya mji wake, akiheshimiwa na jimbo zima! Epperson alifariki mwaka 2006, mwanawe akaendelea na kazi, na kipindi hicho hakikufa. Kilihamia ukumbi wa Earle katikati ya mji, ambako yeyote anaweza kuingia na kutazama.

La muhimu zaidi, Epperson alirekodi na akahifadhi. Mwaka 1999 kampuni ya muziki ya Rounder ilitoa albamu iliyotokana na rekodi za kituo hicho, na dunia ikasikia sauti za wakulima waliopiga muziki nusu karne nyuma.

Sisi je? Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, alifika Kapkatet, hapa hapa kwetu, akarekodi wasichana wa Kikipsigis wakimwimba Chemirocha, yaani Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri aliyefariki mwaka 1933 na ambaye walimjua kwa santuri tu. Wimbo huo upo leo kwa sababu mgeni alikuwa na mashine na ulihifadhiwa Afrika Kusini. Inaniuma kwamba zaidi ya miaka sabini baadaye, tukiwa na vituo vinavyotangaza kwa lugha zetu, mpiga chepkong'o, kinubi chetu cha Kikipsigis, wa kijijini anaweza kufa bila sauti yake kubaki popote.

Kwa hiyo nawaomba mameneja wa vituo vya Kericho, Bomet na kwingineko: tengeni saa mbili za Jumamosi asubuhi, milango wazi, bila malipo ya kuingia studio. Wekeni maikrofoni, rekodini kila kipindi, andikeni jina la mpigaji, kijiji chake na tarehe, kisha pelekeni nakala katika maktaba ya kaunti. Kantri ya Jumapili jioni ibaki pale pale ilipo.

Msikilizaji,
Kericho