Barua kwa Mjomba: lile gogo la mvule msilichome

Olomouc, Ucheki
14 Novemba

Mjomba, shikamoo. Shikamoo Mama, shikamoo Bibi. Selemani mdogo wangu, hujambo? Mimi mzima, ila baridi imeanza kukaza, na saa kumi na nusu jioni giza limeshatanda. Nimefurahi kusikia korosho za mwanzo zimeshafika ghalani na mguu wa Bibi unapata nafuu.

Mjomba, siku ile kwenye simu uliniuliza, "Hao wadudu unaowasoma huko ni wadudu gani hasa?" Salio likakatika kabla sijajibu. Wewe ndiye uliyeuza korosho zako nikapata nauli, kwa hiyo unastahili jibu kamili.

Unamkumbuka yule mbawakawa mwembamba wa kahawia aliyekuwa akija kwenye chemli mvua za kwanza zikinyesha? Tulikuwa tukimlaza chali mkekani, anatulia kama amekufa, halafu ta! anaruka juu. Ndiye huyo. Haruki kwa miguu. Chini ya kifua ana kigingi kidogo, na nyuma ya kigingi kuna kishimo cha kukipokea. Akilala chali hujipinda mgongo, kigingi kikakwama kwenye ukingo wa kishimo huku misuli ikivuta. Kikiteleza tu na kuzama, mwili mzima unafyatuka kama mtego wa panya. Mwaka 1972 mtafiti M. E. G. Evans aliandika kuhusu aina moja ya Ulaya, yenye urefu wa sentimita moja na kidogo, inayoweza kupanda karibu sentimita 30.

Familia yao kisayansi inaitwa Elateridae, na aina zilizokwisha kupewa majina duniani zinafika kama 10,000. Mama, wale funza wembamba, wagumu, wa rangi ya shaba, wanaotoboa viazi vitamu ardhini, wengi ni watoto wa mbawakawa hawa. Baadhi hukaa udongoni miaka kadhaa kabla ya kugeuka. Ila usiwachukie wote. Wapo wanaoishi ndani ya magogo yaliyooza na kula mabuu ya wadudu wengine. Na wapo wale wakubwa wa Afrika waitwao Tetralobus, wengine wanapita sentimita 6, dume lina vipapasio vya kichwani vilivyochanua kama kipepeo cha kupulizia moto. Watoto wao hukulia ndani ya vichuguu, pamoja na mchwa.

Kazi yenyewe ni kujua nani ni ndugu wa nani. Hapa Olomouc ndipo walipo watafiti Robin Kundrata na Ladislav Bocák, ambao mwaka 2011 walitumia vinasaba kuonyesha kwamba kundi la Drilini, lililokuwa limehesabiwa kama familia ya peke yake, ni la humu humu ndani ya Elateridae. Ukiwaona huwezi kuamini. Dume ni laini, jike halina mabawa, linabaki na umbo la funza hadi uzee wake, na watoto wao hula konokono. Hakuna anayefyatuka. Kwa sura ungesema wageni, lakini damu imewarudisha kwao, kama mtu aliyezaliwa mbali anavyorudishwa kwa wajomba zake. Hicho ndicho kilichonifanya niipende kazi hii.

Siku nyingi nashinda kwenye hadubini. Mbawakawa mkavu namloweka kwenye maji ya uvuguvugu mpaka alainike, nampasua tumbo kwa ncha ya sindano, natoa viungo vya uzazi vya dume. Uniwie radhi, Mjomba, kuyataja haya mbele yako, lakini mara nyingi ndivyo vinavyotofautisha aina mbili zinazofanana kama mapacha.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Mwezi uliopita, kwenye makumbusho moja, nilivuta droo nikakuta mbawakawa wa zamani kwenye pini, na chini yake kikaratasi chenye neno moja, "Lindi". Nilifurahi, kisha nikasikitika. Lindi ipi? Ya pwani au ya huko kwetu juu, Rondo? Msitu wa Rondo una viumbe wake. Yule komba mdogo kabisa, mwenye uzito wa kama gramu 60, kwa sayansi anaitwa kwa jina la Rondo. Kama komba ana jina letu, nani ajuaye kuna wadudu wangapi ndani ya magogo yetu ambao hawajapewa jina lolote? Na mimi mwenyewe nilikosea vibaya. Likizo iliyopita niliwatia wadudu wa Rondo na wa kule Mtama chupa moja, nikijiambia nitakumbuka. Sikukumbuka. Chupa nzima haina kazi, na bado inaniuma.

Kwa hiyo nakuomba, Mjomba. Lile gogo la mvule linalooza nyuma ya shamba la juu, mtakapoandaa shamba msilichome. Liacheni lilale hapo hapo. Na kile kichuguu cha njiani msikibomoe kabla sijaja Juni.

Selemani, wewe nakupa kazi. Usiku wa mvua tundika shuka jeupe ukutani, weka taa mbele yake. Watakaotua, watie kwenye chupa ya spiriti, kila usiku chupa yake. Ndani ya chupa weka kikaratasi: tarehe, Rondo, jina la kitongoji, na mahali hasa ulipowakamata, hata kama ni "ukuta wa jiko la Mama". Andika kwa penseli. Wino unayeyuka kwenye spiriti.

Mpwa wako,
Somoe