Bega lako, mwanangu

Mwanangu,

Hapa Kibosho hatujambo. Dada yako ndiye aliyeniambia kuwa bega liliteguka mazoezini, wenzako wakalivuta likarudi, nawe Jumapili ukadaka dakika zote tisini. Kwa nini habari za mwili wako nizipate kwa mtu mwingine? Mwambie daktari wa timu. Si mchua misuli, daktari.

Najua unachoogopa. Winga akipona ataingizwa hata dakika ishirini za mwisho, lakini kipa akikalia benchi anaweza kumaliza msimu akipasha tu. Penalti uliyoipangua niliishangilia mpaka jirani akaja mbio. Lakini bega lililoteguka lisipotibiwa huteguka tena, na safari ijayo utakuwa hewani kwenye kona. Umeshamwambia daktari?

Huyo Chiamaka Nnadozie, kipa wa Nigeria unayempenda, nami namfuatilia. Alidaka Kombe la Dunia kule Ufaransa mwaka 2019 akiwa na miaka 18, na Korea Kusini hawakumfunga. Mwaka 2023 akapangua penalti ya Christine Sinclair wa Kanada. CAF, shirikisho la soka Afrika, wakampa tuzo ya kipa bora wa kike Afrika mwaka huo, na 2024, na 2025. Kabla ya kwenda Brighton, Uingereza, alikaa Paris FC miaka mitano. Mitano! Makipa hudumu golini wenzao wakiwa wameshastaafu, kwa hiyo mechi tatu za kukaa nje zisikutoe roho. Baba yake naye hakutaka binti yake acheze mpira. Baba yako nilimsimulia hilo, akanyamaza, halafu akauliza mechi yenu ijayo ni saa ngapi.

Na mkataba ule uliosaini haraka haraka, angalia matibabu analipa nani. Kama ni wewe, niambie mapema, tutauza kahawa kabla bei haijashuka.

Ng'ombe amezaa, dume. Mdogo wako anadaiwa mchango wa shule, usitume hela, nunua glovu, zile za zamani zimechanika viganjani. Kondakta wa basi la asubuhi nimempa mfuko, upokee stendi ya Mbezi. Ndizi mshare ziko chini, parachichi juu, usizikalishe kwenye jua. Ukishaupokea nipigie, na uniambie daktari amesema nini.

Mama yako